Taa Isiyo na Waya

Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, na lawama ikaangukia uzi.

"Nyuzi za siku hizi takataka tupu," alisema mume. Akailamba ncha, akaisokota kwa vidole viwili, akalenga. Uzi ukapita pembeni. Akalenga tena, ukapita upande wa pili. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameshakaa mbele ya mashine yake karibu na dirisha, mguu kwenye kikanyagio, sare za shule za watoto wa watu zimerundikwa kwenye kiti zikimsubiri. Tangu waoane, kutunga uzi ilikuwa kazi ya mume. Macho ya mke hayakuwa mazuri kwa vitu vya karibu, ya mume yalikuwa makali kuliko ya mwewe, na kila asubuhi kabla hajatoka kwenda kiwandani alimtungia mara moja tu, tena amesimama, kikombe cha chai mkono wa pili. Ilikuwa namna yao ya kuagana. Wengine hukumbatiana, wao walitunga uzi.

"Nipe mwingine," mume akasema.

Akapewa mweusi, labda ataonekana vizuri zaidi. Mweusi nao ukafanya yale yale. Binti yao, aliyekuwa anafunga viatu mlangoni ili aende kazini, akaacha kufunga akawa anaangalia.

"Mzee," mke alisema, "weka sindano chini."

"Subiri kidogo, nimeukaribia."

"Weka chini, nimesema. Hebu nitazame. Unaniona?"

"Nakuona."

"Unanionaje?"

Hapo akasita, maana alikuwa mtu asiyejua kumdanganya mke wake hata kwa jambo dogo. "Kama mtu anayechungulia sufuria ya maji yanayochemka. Mvuke mvuke hivi."

"Tangu lini?"

"Si muda mrefu."

"Tangu lini, wewe baba?"

"Tangu kabla ya mvua," alisema. Mvua zilikuwa zimekuja, zimenyesha na zimekwisha. Mke akachukua sindano mkononi mwa mumewe, akaichomeka kwenye kitambaa, akaenda kutafuta viatu vyake vya kutokea.

* * *

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimwambia mgonjwa aweke kidevu hapa, atazame pale, asipepese, apepese. Akamwangalia jicho la kulia, akamwangalia la kushoto, akarudi la kulia kama mtu aliyesahau kitu.

"Ni mtoto wa jicho, mzee wangu. Macho yote mawili. Tunaweza kumtoa, hilo lisikutie hofu. Ila amekaa sehemu ya nyuma, mahali ambapo mimi humwona kwa wahunzi na kwa watu wa viwanda vya vioo, wale wanaochungulia tanuri miaka na miaka. Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi bomba."

Mke, aliyekuwa kwenye kiti cha kando, aligeuka ghafla hata mkoba ukamwanguka.

"Mabomba ya maji?"

"Mabomba tu."

"Hakuna joto kali unapofanyia kazi?"

"La kawaida."

Daktari akaandika fundi bomba, ingawa uso wake ulionyesha hakuridhika. "Sikiliza, mzee wangu. Nikikufanyia upasuaji kisha ukarudi pale pale palipokuumiza, mimi na wewe tutakuwa tumefua nguo na kuianika kwenye tope. Kama kuna jambo, uniambie."

"Hakuna jambo," alisema mzee, akainuka akitafuta kitasa cha mlango kwa kupapasa.

Sasa sisi tuseme ukweli, maana mwenyewe hakuusema. Kiwanda chake kilitengeneza vitu ambavyo wafanyakazi waliviita makopo. Kopo lilikuwa la shaba, zito, urefu kama chupa ya chai, na ndani halikuwa na kitu, hata hewa walikuwa wameinyonya yote. Ukilitia umeme mkali lilitoa mawimbi, ndugu wa yale yanayopasha chakula kwenye oveni ya maikrowevu, ila haya yalikuwa na nguvu ya kutisha. Yalisafiri ndani ya bomba la shaba la pembe nne hadi yanapotakiwa. Makopo yaliuzwa jeshini, yakafungwa kwenye magari na ndege, na kazi yake ilikuwa moja: kuzitia upofu rada za adui. Lakini halikuuzwa kopo ambalo halijajaribiwa, na mjaribu wa makopo, kwa miaka yake yote pale kiwandani, alikuwa huyu huyu fundi bomba wetu.

Kwa hiyo bomba lilikuwepo. Hakudanganya sana.

"Fundi bomba!" mke alifoka walipofika nje. "Si ungemwambia basi wewe ni mkunga!"

"Nimekula kiapo, unajua."

"Kiapo cha kumficha daktari?"

"Cha kumficha kila mtu aliye nje ya ukuta. Adui akijua tunatengeneza nini pale ndani..."

"Adui gani?" Mke alisimama katikati ya njia, watu wakawa wanampita kulia na kushoto. "Huyo adui yako leo asubuhi ametunga uzi vizuri kabisa. Wewe ndiye umeshindwa!"

 Mume akamshika mkono ili wavuke barabara, na ilikuwa mara ya kwanza yeye kushika mkono badala ya kushikwa. Mke aliligundua hilo walipofika ng'ambo, hakumwachia mkono njia nzima.

* * *

Jioni binti alirudi akiwa amenunua mkate wa gharama, ule wa siku za furaha. Naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile kile, kitengo cha kulehemu, mahali pa makoti meupe ambapo ukikohoa unatolewa nje.

"Mama, nimepanda! Jumatatu naanza chumba cha majaribio. Mshahara mwingine kabisa."

"Chumba cha majaribio ni cha baba yako."

"Ndiyo, lakini..." Furaha ikaanza kumtoka usoni. "Nilidhani baba anajua. Wamesema baba anapumzishwa."

Baba hakuwa anajua. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akajipigapiga magoti kwa viganja, mara moja, mara mbili. "Hongera, mwanangu," akasema, na alimaanisha. Ila iliuma jamani, mtu kusikia habari ya kuondolewa kwake ndani ya mkate wa kusherehekea.

Kama vile nyumba nayo ilikuwa inasubiri zamu, taa ya jikoni ikapepesa na kuzima. Ilikuwa taa ya mrija, ile ndefu nyeupe. Baba akapanda kigoda, kwa kuwa ilikuwa afadhali kufanya kitu kuliko kukaa, akaichomoa, akaitikisa sikioni.

"Imekufa hii," alisema. "Hapa nyumbani imekufa. Kazini kwetu bado ni nzima, ningeiwasha bila waya."

Binti akacheka licha ya yote, na hapa ndipo jina linapoingia. Kiwandani baba aliitwa Mzee Taa. Kila alipokuja mfanyakazi mgeni, Mzee Taa alimpeleka kwenye mlango wa chumba cha majaribio, akashika mrija mbovu kwa mkono mtupu, na mrija ukawaka. Hauna waya, hauna betri, unawaka mweupe pe! Wageni waliruka nyuma, wengine walitaja majina ya Mungu, mmoja alikimbia hadi getini. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Hata binti alifanyiwa, wiki yake ya kwanza, na baba yake mwenyewe.

"Mimi nilipiga kelele mpaka Meneja akatoka ofisini," alisema binti. "Naye akacheka."

Mama hakucheka. Alikuwa amewasha mshumaa na kuusimamisha kwenye kisahani. "Ngojeni. Kitu gani kinaiwasha?"

"Mawimbi," alisema mume. "Mlango hatuufungi vizuri, mipira ya maji ya kupoozea inapita pale. Sasa yanavuja kidogo. Makombo tu, walituambia hayana madhara."

"Makombo yanatoka chumbani yanafika kwenye taa."

"Eeh."

"Taa inawaka."

"Inawaka, nakwambia!"

"Na aliyeishika taa ni nani?"

 Binti aliacha kutafuna. Mzee Taa alibaki juu ya kigoda na mrija wake mkononi, akiwa anajiona mwenyewe miaka yote ile pale mlangoni, amesimama mbele ya makombo, anachekesha watu. Si kuchekesha tu. Alikuwa na ufundi aliojivunia: kiungo cha bomba kikilegea, hakuhitaji kipimo, alisogeza mgongo wa mkono akasikia uvuguvugu, kisha akasogeza uso achungulie ni parafujo ipi. Uso! Wenzake walimsifu kwamba mkono wake ni kipimo kisichohitaji betri. Aliona aibu, ile aibu ya mtu mzima aliyechezea moto akiuita mzaha, na nyuma ya aibu ikaja hasira, ikakaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mama polepole. "Shuka kwenye hicho kigoda kabla hujaanguka."

* * *

Meneja alikuwa mdogo kwa Mzee Taa kwa umri wa mtoto na baba, na katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumwamkia. Siku aliyomwita ofisini alimwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," alijibu Mzee Taa, na hapo hapo akajua kwamba jambo ni baya.

Akapewa kiti. Akafunguliwa soda. Soda ilikuwa ya baridi sana na kiti kilikuwa cha kuzunguka, akawa anajizuia kisizunguke.

"Tumesikia habari ya macho. Pole sana. Sasa, Alhamisi wageni wetu wa jeshini wanakuja kupokea mzigo, na unajua maneno yana miguu, nao wamesikia kuna mtu ameumia. Wanataka kumsikia mwenyewe kwa mdomo wake."

"Niseme nini?"

"Habari ya tepu."

Tepu ilikuwa hivi. Mlango wa chumba cha majaribio ulikuwa na swichi: ukifunguka kidogo tu, umeme wa kopo unakatika. Kitu kizuri sana. Lakini kopo likishazimika ghafla ni lazima lianze kupashwa upya, taratibu, na asubuhi nzima inapotea. Basi swichi ile ilikuwa imebanwa kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, ili idhani mlango umefungwa wakati uko wazi. Tepu ikichoka ilibandikwa nyingine. "Bana tepu, muda unakwenda," ndiyo ilikuwa salamu ya Meneja asubuhi.

"Utawaambia uliibana mwenyewe," alisema Meneja. "Bila ruhusa. Uzembe wa mtu mmoja, naye ameshaondolewa kwenye nafasi, basi. Tunafunika kombe mwanaharamu apite."

"Tepu ulinipa wewe. Uliitoa kwenye droo hiyo."

"Nilikuandikia popote?" Meneja alitabasamu, wala si kwa ubaya, bali kama mtu anayemweleza mtoto hesabu. "Mzee wangu, mimi nakutakia mema. Kampuni itakulipia upasuaji wa macho yote mawili, hospitali nzuri, chumba cha peke yako. Ukipona utakaa getini, kwenye kiti, kivulini. Ukikataa, matibabu ni juu yako. Na ukimwambia mtu wa nje kazi unayofanya humu, ujue kile kiapo tulichokula si cha kukosana na Mungu tu. Kina mahakama yake."

"Na anayekaa pale kwenye nafasi yangu?"

"Binti yako? Kijana yule ana bidii. Tunamtegemea."

"Tepu inatolewa?"

Meneja akaangalia saa yake. "Tumalize mzigo huu kwanza."

Mzee Taa aliinuka. Mlango wa ofisi ulikuwa wa kioo, naye akanyoosha mkono mahali ambapo kitasa hakikuwepo, akapapasa kioo kama anayekipangusa. Meneja akaja, akamshika kiwiko, akamfungulia. "Polepole, mzee wangu, kuna ngazi." Karani wa nje alijifanya anasoma kitu.

* * *

"Kubali," alisema mke.

Binti alimgeukia kwa mshangao.

"Usinitazame hivyo. Jicho ni jicho. Hata nikishona usiku na mchana siwezi kulipa hospitali ya macho mawili. Atasema tepu ni yake, dunia itaanguka? Watu wamesema makubwa kuliko hayo na wakalala wakaamka."

"Nimewaza hivyo hivyo," alisema mume. "Nimetembea njia nzima nikisema, kubali mzee, acha kiburi. Hiki kiburi kitakulisha?"

"Basi."

"Halafu nikawaza, tepu ikiwa yangu, wageni wataridhika. Mwenye tepu ameondoka. Hakuna atakayeitazama tena swichi. Na tepu yenyewe itabaki pale pale, na huyu amekaa mbele yake."

Wote wawili wakamtazama binti, naye akanyanyua kidevu. "Mimi nitakuwa makini, baba. Sitasogeza uso. Nitasimama mbali."

"Mimi nilikuwa makini," alisema Mzee Taa. "Muulize mtu yeyote pale. Mimi ndiye niliyekuwa makini kuliko wote."

 Mama alikuwa na suruali ya mtoto wa mtu mapajani, akawa anaivuta mshono wake huku na huku kuona kama umekaza. Alikuwa mwanamke wa kubishana, na sasa alikuwa anabishana na nafsi yake, midomo inacheza bila sauti. Mwisho akaiweka suruali chini, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni ambako mrija mbovu ulikuwa umesimama tangu siku ile, akaupangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akauzungushia kitambaa kirefu na kukifunga kila mwisho kwa fundo.

"Wewe si wanakuita Mzee Taa?" alisema. "Nenda na taa yako."

* * *

Mlinzi wa getini alibonyeza kile kifurushi kirefu. "Nini hii?"

"Taa mbovu."

"Siku ya wageni, mzee, unaleta takataka?" Kisha akatabasamu, kwa kuwa naye aliwahi kufanyiwa. "Aa! Unataka kuwachekesha wakubwa. Pita, pita."

Ukumbi ulikuwa umepigwa deki hadi unateleza. Wageni walisimama nyuma ya mstari wa njano, wanajeshi watano hivi, mbele yao Kanali mwenye kitambi cha heshima. Mafundi walipangwa ukutani wakiwa na makoti safi. Binti alikuwa kwenye meza ya swichi kuu, ile ya kuwashia kopo. Kule mwisho, mlango wa chumba cha majaribio ulikuwa wazi kidogo, mipira ya maji inapita, na kopo lilikuwa limeshapashwa, linavuma. Na tepu? Tepu ilikuwa mpya. Meneja aliiamuru asubuhi hiyo hiyo, eti wageni hawana muda wa kusubiri.

"Huyu ndiye?" aliuliza Kanali.

"Ndiye, mheshimiwa. Atawaeleza mwenyewe. Sema, mzee wetu."

Mzee Taa alikikumbatia kifurushi chake, asiwadanganye mtu kwamba hakuogopa. "Waheshimiwa, nimeitwa niseme habari ya tepu. Macho yangu hayaoni vizuri, sasa nitaisemea pale pale ilipo."

Akatembea hadi mlangoni, akafungua mafundo, akautoa mrija. Kule ukutani mafundi wakaanza kucheka, kwa mazoea tu, maana walijua kinachofuata. Akaunyoosha mkono.

Ukawaka, mweupe, kutoka mwisho hadi mwisho.

"Loh!" alisema Kanali. Vijana wake wakapiga makofi. Mmoja akapapasa mfuko atoe simu apige picha, akakumbuka simu zimebaki getini. Kicheko kikaenea ukumbi mzima, hata Meneja alilazimika kutoa kidogo.

"Nzuri, eeh?" alisema Mzee Taa. "Hii tumecheka nayo miaka mingi. Kwa kuwa macho yangu yamechoka, leo namwachia mwingine. Meneja, njoo uishike."

"Mzee, acha utani. Sema ulichoitiwa."

"Ndicho ninachosema. Ni makombo tu, hayana madhara, wewe ndiye uliyetuambia. Njoo usimame hapa nilipo, ushike taa, kisha nami nitasema tepu ni yangu. Mbele ya wageni nakuahidi."

Kicheko kilianza kupungua, mtu mmoja mmoja. Meneja aliangalia taa, akaangalia ule mlango ulioachwa wazi. Watu wote walikuwa wanamwangalia yeye. Mguu wake wa kulia ulirudi nyuma, wa kushoto ukaufuata, akawa amesimama nyuma ya mstari wa njano pamoja na wageni. Kanali alipoona hivyo naye akarudi nyuma, na vijana wake wakarudi nyuma ya Kanali.

"Mbona haji?" Mzee Taa aliuliza ukumbi. "Nyinyi wenye macho, niambieni, mbona haji?"

Hakuna aliyecheka tena. Binti alikuwa ameshika swichi kuu.

"Usizime!" Meneja alipiga kelele. "Tutaanza upya! Usi..."

Akazima. Mvumo wa kopo ukashuka, ukakoma, na taa ikafa mkononi mwa baba yake. Binti akatembea hadi mlangoni, akaingiza kucha chini ya tepu, akaibandua yote kwa mvuto mmoja. Akaja nayo hadi kwa Meneja, akamwekea kiganjani.

"Irudishe pale," alisema Meneja.

"Irudishe wewe, bosi."

Meneja akamgeukia fundi wa karibu. "Wewe, kaibandike." Fundi akainama akaanza kushughulikia kamba za viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba. "Wewe basi." Huyo akakunja mikono kifuani. Wa tatu akasema, kwa heshima kabisa, "Mimi nina watoto, bosi." Meneja alikung'uta mkono aitupe ile tepu, ikang'ang'ania vidole. Akaitoa kwa mkono wa kushoto, ikahamia kushoto. Mtu akaguna kicheko.

Kanali alikohoa. Msidhani alikuwa mtetezi wa mtu. "Sisi tulikuja kupokea mali," alisema. "Mali itakuwa tayari lini?"

"Mkifunga mlango, jioni," alijibu Mzee Taa. "Mkiufunga kabisa."

Mlango ukafungwa. Wakasubiri hadi jioni.

* * *

Alifukuzwa siku hiyo hiyo, kabla hata kopo halijapoa. Binti aliambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa, na hadi leo hajaitwa, anamsaidia mama yake kukata vitambaa na wanagombana kutwa kuhusu mkasi. Habari za hospitali nzuri, chumba cha peke yako, hakuna aliyezitaja tena. Lakini mafundi wa kiwandani walipitia nyumbani, leo huyu kesho yule, kila mmoja na kidogo chake ndani ya bahasha, na kila mmoja kabla ya kuketi alisema jambo lile lile: "Swichi bado haina tepu, mzee. Hakuna aliyeigusa."

Pesa zilizopatikana zilitosha jicho moja. "Tutaanza na la kulia," aliamua mke. "La kushoto litasubiri zamu, mimi nangoja sindano yangu."

Daktari alimkumbuka. Akamwambia aweke kidevu, atazame pale, asipepese. Foleni ilikuwa ndefu na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, watu wa kwenye mabenchi wakawa wanasikia yote.

"Naona hapa imeandikwa fundi bomba," alisema daktari. "Tuendelee hivyo?"

"Futa."

"Niandike nini?"

Mzee Taa akageuza uso kuelekea iliko sauti yake. Akaeleza. Alianza na kopo la shaba, akaja kwenye mawimbi na kazi yake ya kuzipofusha rada, akaeleza mlango, tepu na taa isiyo na waya. Alisema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kiwandani kuushinda mvumo wa mashine. Kwenye mabenchi mazungumzo yalikuwa yamekatika. Daktari aliandika mistari miwili, kisha kalamu ikasimama.

"Mzee wangu," alisema kwa kunong'ona, "mambo haya unaruhusiwa kuyasema?"

"Siruhusiwi," alisema Mzee Taa. "Andika."